Nundu ya Milembe

Daktari Athanasi Luhende alivua glovu, akazitupa kuelekea kwenye ndoo, zikaangukia nje. Hakuziokota.

"Nimetoka Mwanza kabla jogoo hajawika," alisema, "nimeacha wagonjwa wanaosubiri majibu, halafu mnanionesha shimo."

Inspekta Scola Nyanda, mpelelezi wa kesi hiyo, alisimama upande wa pili wa meza ya mochwari ya Bariadi. Alikuwa ameonywa mambo mawili kuhusu mzee huyu. La kwanza, kwamba ni mkali kama pilipili. La pili, kwamba hakuna daktari wa patholojia Kanda ya Ziwa nzima aliyekata, kupima na kusoma uvimbe wa nadra kama yeye. La kwanza alikwisha kulithibitisha, na hata chai ya saa nne ilikuwa haijafika.

Juu ya meza alilala Milembe, mkulima wa pamba wa Ngulyati, mwanamke ambaye alikuwa bado hajafikisha umri wa kuitwa mama mzima. Alikufa jioni moja, akazikwa kesho yake, na sasa alikuwa amefukuliwa kwa amri ya mahakama kwa sababu kaka yake alikwenda polisi kudai kwamba amekatwa. Na kweli alikuwa amekatwa. Nyuma ya bega la kulia, pale alipokuwa amebeba nundu kubwa kwa zaidi ya misimu miwili ya pamba, palikuwa na kidonda kipana kilichofunika kitu ambacho hakikuwepo tena.

"Uvimbe uko wapi?" aliuliza daktari.

"Hatujui."

"Aliyeukata?"

"Shangazi yake, anaitwa Nyanjige. Yuko mahabusu. Anakubali kwamba alikata, lakini hasemi kwa nini wala alikoupeleka. Nyumbani kwake tulikuta kisu na kanga zenye damu."

"Na nyinyi mnasemaje?"

"Mkuu wangu anasema binti aliuawa kwa ajili ya viungo. Kesho asubuhi bibi anafikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji."

Scola alilitamka neno hilo, viungo, kwa sauti ya chini, maana mlinzi wa mochwari alikuwa mlangoni. Ni neno lenye kiberiti ndani yake. Tangu lilipotajwa Ngulyati, vijana walikuwa wamekwisha kung'oa mabati ya nyumba ya Nyanjige, na walikuwa wanasubiri kwa hamu kusikia amepewa dhamana ili wamalize kazi. Bibi wa watu, aliyelea nusu ya watoto wa kitongoji kile, hakuwa na pa kurudi. Jambo hilo lilimkera Scola tangu siku ya kwanza, na kila siku lilizidi kumkera.

Daktari alimwita kwa kidole. "Njoo uone. Kingo za kidonda hiki hazina damu iliyovilia. Alikatwa moyo ukiwa umesimama."

"Basi bibi hakumwua."

"Subiri, usinikimbilie." Akafunua zaidi. "Hili ni ini. Lilitakiwa liwe na rangi ya ini. Hili limepauka kama nyama iliyochemshwa. Moyo mtupu, mishipa mitupu. Binti huyu amekauka damu, Inspekta. Imemwagika yote."

"Ilimwagikia wapi?"

"Hapo ndipo ninapokasirika. Hana kidonda kingine, nje wala ndani. Damu ilitokea pale pale palipoondolewa. Na mtu aliyeisha damu, hata ukimkata akiwa anapumua pumzi ya mwisho, kingo hazitoi kitu. Wakili akinisimamisha kizimbani akaniuliza kama ninaweza kuapa kwamba shangazi hakumkata akiwa hai, nitasema siwezi."

"Kwa hiyo maneno yako yanamfunga."

"Maneno yangu yanamfunga, ndiyo, na siyapendi. Nitafutie uvimbe wenyewe. Nikiushika mkononi utaniambia nani aliukata kwanza." Aliifunika maiti, safari hii kwa upole. "Unajua ni mara ngapi nimepata kitu cha kupima kutoka mkoa huu? Kutoka Mara naletewa, Geita naletewa, Kagera naletewa. Nimechora ramani ya uvimbe wa nadra wa kanda hii, ndiyo ninayofundishia. Simiyu yenu ni nyeupe. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba huenda maziwa yenu yana kinga. Leo naletewa mmoja, na mmoja mwenyewe hana uvimbe."

Nje, kwenye benchi la ukuta wa mochwari, alikaa Danford, kaka wa marehemu. Alikuwa dereva wa malori mjini Mwanza, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisimama alipomwona Scola.

"Afande, amekubali? Amesema amemuuzia nani?"

"Kaa, Danford. Nataka unikumbushe. Hilo neno la viungo ulilisikia kwa nani kwanza?"

"Kwa kila mtu. Msiba mzima walikuwa wanasema."

"Kila mtu hana mdomo mmoja. Nani kwanza?"

Danford alifikiri. "Dokta Josia. Yule wa kliniki pale mjini. Alikuja msibani, akaniita pembeni, akasema amesikia marehemu amezikwa bila nundu yake, na kwamba siku hizi vitu hivyo vinauzwa. Akasema kama ni dada yake asingenyamaza."

"Alimjuaje dada yako?"

"Alimwona zamani, mara moja. Alimwangalia kwa macho tu, akamwambia aende Mwanza."

Scola aliinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Juzi alikuwa amechukua maelezo ya Josia, kama alivyochukua ya kila mganga wa mji, na Josia alitumia maneno hayo hayo, kwa macho tu, huku akiosha mikono. Mganga wa kliniki iliyojaa foleni alikuwa ameifunga siku ya gulio ili akamzike mtu aliyemwona mara moja kwa macho. Hata padri huwa hajitumi hivyo.

"Danford, kwenu mtu mwenye nundu anazikwaje?"

"Anazikwa kama watu wengine. Sisi ni Wakatoliki."

"Wanawake wa kwenu wanasemaje?"

"Mimi sijui mambo ya wanawake," alisema kwa hasira. "Nimekulia mjini. Unataka kumtetea muuaji?"

"Nataka kumjua," alisema Scola, akamwacha amesimama.

Yeye mwenyewe alizaliwa Ipililo, mkoa huo huo, na bibi yake aliwahi kumsimulia mambo kama hayo. Kuna koo ambazo hazimpeleki mtu kaburini na uvimbe aliokufa nao. Shangazi upande wa baba ndiye anayeuondoa, wanawake peke yao wakiwa ndani, na wanaume hawaoni wala hawaulizi. Unazikwa peke yake, kusudi usifuate ukoo. Scola alikuwa amemweleza hayo mkuu wake wa upelelezi. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, sawa, basi atuoneshe ulipozikwa. Na Nyanjige hakuonesha.

Walimtoa mahabusu wakamketisha kwenye chumba kidogo cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, mweusi tii, na mkono aliofungwa pingu aliuweka juu ya paja kana kwamba ni wa mtu mwingine. Daktari Athanasi aliingia nyuma ya Scola bila kualikwa, na kabla hajaketi aliinamisha kichwa, akamwamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi alimtazama. Kwa siku zote alizokaa pale alikuwa hajaitikia salamu ya askari hata mmoja. "Mwangaluka, baba."

"Mimi ni daktari. Kazi yangu ni uvimbe. Nimeukata na kuutazama tangu ujana wangu. Nataka kuuona wa Milembe."

"Wewe umeiona mingi. Huo uache."

"Wanataka kukufunga kwa ajili yake."

"Wafunge."

"Mayu, hawa watu hawana mzaha!" Daktari alipiga meza. "Watakunyonga kwa kitu ambacho ninaweza kukisoma kwa nusu saa. Mtoto wa ndugu yako amekufa bila damu mwilini, na wewe umekaa kimya kama gogo. Kama ulimpenda, fungua mdomo."

Macho ya bibi yalijaa machozi, lakini midomo ilibaki imefungwa. Daktari aligeukia ukuta, akaushika kama anataka kuusukuma. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na kwa mambo ya pale haikufaa kitu.

Scola alivuta kiti karibu. Kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa limemkaa kichwani kama mwiba. Siku walipomkamata, Nyanjige alitoka ndani kwa upole, akanyoosha mikono ifungwe, hakusema neno. Alipiga kelele mara moja tu, pale konstebo alipokwenda kujisaidia kwenye ua wa minyaa nyuma ya zizi. Alimtukana matusi mazito mpaka konstebo akarudi anakimbia huku anafunga mkanda. Wote walicheka. Scola alidhani bibi anatetea heshima ya kaya yake. Sasa hakudhani hivyo.

"Mayu, mimi ni wa Ipililo," alisema. "Sikuulizi kiko wapi. Najua hupaswi kusema. Nakuuliza hili. Mtoto akitaka kukanyaga mahali pasipokanyagwa, nawe umesimama hapo, utanyamaza?"

Bibi aliinua uso akamgeukia.

"Nitanyamazaje? Nitamkataza. Hiyo ndiyo kazi ya mkubwa."

"Basi twende nyumbani," alisema Scola.

Gari la polisi liliingia Ngulyati jua likiwa utosini. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe pande zote mbili za njia, na watu walioinama wakichuma waliinuka kutazama, wengine wakaanza kufuata kwa miguu. Scola aliwaambia askari wawili wasimame kwenye njia ya kuingilia kaya na wasimruhusu mtu kupita. Alimruhusu Danford, kwa sababu sheria inataka ndugu ashuhudie, na kwa sababu alitaka aone.

Nyumba ya Nyanjige ilibaki kuta na mbao. Mabati yalikuwa yamelundikwa kando, mengine yamekunjwa. Bibi aliitazama mara moja, kisha hakuitazama tena. Alisimama katikati ya ua, pingu mkononi, askari wa kike amemshika kiwiko.

Scola alianza kutembea. Alizunguka kinu, akapita ghala la mtama, akaingia zizini akatoka. Bibi kimya. Akaufuata ua wa minyaa polepole, akikanyaga kila mahali kwa kiatu chake chote. Alijisikia mpumbavu, na Danford alimwambia hivyo kwa sauti. Alipofika kona ya magharibi, ambako udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasukapasuka isipokuwa sehemu moja laini, aliinua mguu.

"Rudi," alisema Nyanjige. "Hapo hapakanyagwi."

Scola alirudisha mguu. Alimgeukia askari wa kike akamwambia aandike kwamba mtuhumiwa hakuonesha, alikataza. Danford alishika jembe lililoegemezwa kwenye zizi, lakini bibi akamzuia.

"Mwanamume wa ukoo hachimbi. Mwache huyo mgeni."

Kwa hiyo bingwa wa patholojia alivua koti akachimba mwenyewe, huku akitukana jembe kwamba mpini wake umelegea. Hakuchimba sana. Chungu kilifunikwa kwa gae na ndani yake kilijaa majivu. Katikati ya majivu, kwenye kanga ya njano mpya ambayo ilikuwa haijafuliwa hata mara moja, ilikuwemo nundu ya Milembe.

"Hiyo kanga nilimnunulia mimi," alisema Danford. 

Daktari alitandika plastiki juu ya boneti ya gari, akavaa glovu mpya, akaufunua uvimbe. Majivu yalikuwa yameukausha kwa nje, lakini ulikuwa mzima. Scola alisogea karibu, akapiga picha kila hatua. Juu ya ngozi iliyofunika nundu kulikuwa na msitari wa chale, alama ndogo ndogo za wembe ambazo mganga wa kienyeji alizichanja zamani zikapona. Msitari huo ulianza upande mmoja, ukapanda mpaka katikati, ukakatika ghafla. Pale ulipokatika palikuwa na pengo lenye kingo mbili zilizonyooka, limezibwa na kutiwa nyuzi nyeusi.

Daktari alikata uzi mmoja. Akavuta kwa kibano. Kikatoka kipande kirefu cha gozi, kitambaa cha kufungia vidonda hospitalini, kimeganda damu hadi kimekuwa kigumu.

"Mayu," alisema bila kuinua kichwa, "hizi nyuzi ni za mkono wako?"

"Mimi nashona magunia. Nilimkuta nazo." Sauti ya bibi ilikuwa imebadilika. Kitu kilikwisha kutoka ardhini, mbele ya macho ya watu, na hakikuwa tena siri ya kutunzwa. "Nilikuwa peke yangu nyumbani, wengine wote wako shambani. Alirudi na bodaboda, ameinama, ameziba mgongo kwa kanga. Damu inachuruzika. Nikamwuliza umetoka wapi. Akasema, kwa dokta, amenikata kinyama kidogo akapime. Akasema dokta amemwambia itakauka. Nikabana kwa kanga moja, ikajaa. Nikabana kwa nyingine. Hakufika magharibi."

"Kwa nini hukutuambia?" Scola aliuliza, na hasira ilimpanda hata hakuweza kuificha. "Tulikuuliza kila siku."

"Ningesemaje kilichomwua bila kutaja nundu? Na nundu ikishazikwa haitajwi, mpaka mvua ya kwanza iinyeshee. Ukiitaja inarudi kwa watoto. Danford ana watoto wanne, mwanangu."

Danford aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la zizi, akashika kichwa.

Daktari alikuwa amepasua ukingo wa pengo lile. Ndani, nyama yote iliyolizunguka ilikuwa imejaa weusi. "Tazama hapa, Inspekta. Damu imejipenyeza kwenye nyama. Hapa alikuwa hai, moyo unasukuma. Na tazama huku chini alikokata shangazi. Pakavu, pasafi. Kisu cha kwanza kilimwua, cha pili kilimkuta amekufa. Hilo nitaapa."

"Ni uvimbe gani?"

"Bila darubini sisemi jina. Ila nadhani naujua, na nimeukuta mara chache mno maishani mwangu. Ndani yake umejaa mishipa ya damu. Mtu mwenye akili hauchokozi nje ya chumba cha upasuaji chenye damu ya akiba. Huyu mpumbavu ameuchanja kama embe, akausindilia gozi, akampandisha binti wa watu kwenye pikipiki." Alifuta kibano kwa pembe ya plastiki. "Halafu kile kinyama alichokata, amekipeleka wapi? Vinyama vyote vya kanda hii vinapita mezani kwangu. Hiki hakikufika."

Scola alimfungua Nyanjige pingu kwa mkono wake mwenyewe. Alimpigia mkuu wake simu, akamweleza kwa kifupi, akaomba hati ya upekuzi. Mkuu alikohoa, akauliza kama ana hakika, na Scola akamjibu kwa ukali ambao siku nyingine ungemgharimu. Hati iliandaliwa.

Kliniki ya Josia ilikuwa na rangi mpya ya kijani na watu wengi kwenye mabenchi. Scola aliingia na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi wa upekuzi, askari wawili, na daktari aliyekuwa amebeba kisanduku cha barafu. Danford na Nyanjige walibaki garini. Josia alikuwa mtu mnene, safi, mwenye tabasamu la watu wote.

"Inspekta, karibu tena. Na huyu ni Daktari Luhende? Heshima kubwa."

"Ulimwona Milembe mara ngapi?" aliuliza Scola.

"Nilikwambia. Mara moja, kwa macho tu."

"Hukumgusa."

"Kabisa. Mimi si mtu wa kugusa vitu nisivyovijua."

Scola alimpa hati aisome na upekuzi ukaanza. Chumba cha mapokezi, hakuna kitu. Chumba cha sindano, gozi na nyuzi nyeusi, lakini hivyo viko kila zahanati, na Josia alisema hivyo kabla hajaulizwa. Kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya pazia, kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli.

"Ufunguo?"

"Ulipotea siku nyingi. Humo mna makaratasi ya zamani."

Daktari Athanasi alisogeza pua kwenye upenyo wa mlango wa kabati. Alivuta pumzi mara moja. "Makaratasi yako yamelowa spiriti," alisema.

Askari walivunja kufuli.

Mlango ulifunguka. Rafu zote, kutoka juu mpaka chini, zilikuwa zimejaa makopo. Ya jamu, ya siagi, ya maziwa ya watoto, ya dawa. Kila kopo lilikuwa na spiriti, na ndani ya spiriti kinyama kimoja kimoja, vingine vimesinyaa kama zabibu kavu. Kila kopo lilibandikwa plasta yenye jina na namba ya simu. Mwenyekiti wa mtaa alirudi nyuma hadi kwenye pazia.

La mbele kabisa plasta yake ilikuwa bado nyeupe, imeandikwa Milembe. Daktari alilifungua, akatoa kinyama kwa kibano, akakiweka juu ya sahani kando ya nundu aliyoitoa kisandukuni. "Kimesinyaa kwa spiriti, hakitalingana sawasawa," alisema. Hakikulingana. Lakini juu ya ngozi yake palikuwa na chale tatu za zamani, na alipokigeuza zikaendeleza msitari pale pale ulipokatika, kama njia ya ng'ombe inayokatwa na korongo ikaendelea ng'ambo. Scola alipiga picha. Kisha akamtazama Josia.

"Kwa macho tu?"

Tabasamu liliondoka. "Nilikusudia kuvipeleka. Gari la Mwanza linangoja vijae, siku zinapita, kinaharibika kimoja, unaona haya kupeleka vingine…"

"Uliwaambia nini wenyewe wakirudi?" aliuliza daktari.

Josia alikunja hati ya upekuzi mara mbili.

"Nimekuuliza. Wanakulipa kipimo, wanarudi kuchukua majibu. Unawaambia nini?"

"Naangalia kwa uzoefu. Wengi ni uvimbe wa mafuta tu. Nawaambia wako safi."

"Kwa nini hukuvitupa?" Scola aliuliza. Hilo ndilo lililomshangaza. Kabati lile lilitosha kumfunga, naye alilifungia kufuli akalitunza.

Josia alicheka kicheko kibaya. "Nitupe nyama ya mtu Bariadi? Mbwa aifukue jalalani? Inspekta, wewe si wa huku? Wangesema nauza viungo. Wangenichoma moto mchana kweupe."

"Kwa hiyo ulijua," alisema Scola. "Ulijua wanavyofanya. Na ukaenda msibani ukamtwisha bibi kizee neno hilo hilo."

"Nilidhani wameichoma nundu. Nilidhani hakuna kitu kitakachobaki."

"Haichomwi," alisema mtu mlangoni. Nyanjige alikuwa ameshuka garini bila kumwomba mtu ruhusa, Danford nyuma yake. "Ikichomwa moshi wake unakwenda kwa majirani."

Danford alimrukia Josia. Askari walimdaka akiwa amekwisha kumkamata kola, na Scola hakuwaharakisha sana. Josia alifungwa pingu zile zile zilizokuwa kwenye mkono wa bibi asubuhi, akapitishwa mbele ya mabenchi, na wagonjwa wakasimama kumtazama wakiwa na vyeti vyao mikononi.

Nyanjige alisogea kwenye kabati. Alizitazama rafu moja baada ya nyingine.

"Baba," alimwuliza daktari, "hawa wote wamekufa?"

 Daktari alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, kopo mkononi, akilielekeza dirishani. Akaliweka, akachukua jingine. Scola aliona hasira inamtoka usoni na kitu kibaya zaidi kikiingia mahali pake.

"Ramani yangu," alisema mzee. "Nimewafundisha watu kwamba huku hakuna. Vilikuwa humu." Akamsogezea Scola kopo la jamu. "Hiki sikipendi hata kwa macho. Piga namba hiyo."

Scola aliweka simu sauti ya juu. Iliita kwa muda, ikakatika, akapiga tena. Sauti ya mwanamke ilipokea, nyuma yake watu wanacheka na debe linagongwa.

"Halo? Nani?"

"Naitwa Inspekta Scola Nyanda, napiga kutoka Bariadi. Naongea na Veronica?"

"Ndiye. Niko shambani Mwamapalala, tunachuma. Kuna nini, afande?"

"Uliwahi kukatwa kinyama kliniki kwa Dokta Josia?"

"Aa, kile cha shingoni? Mbona zamani hicho," mwanamke alisema, na kicheko cha wenzake kilikuwa bado kinasikika. "Majibu yalitoka, dokta akasema niko safi kabisa. Kimekua kidogo tu sasa hivi, ila hakiumi. Mnataka nini?"

 Daktari Athanasi Luhende alinyoosha mkono akaichukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alizungumza polepole.

"Mwangaluka, mama Veronica," alisema, ingawa ilikuwa tayari alasiri. "Weka gunia chini, ukae kivulini. Nikwambie kitu."